Mume Wangu wa Redioni

Kabla uso wangu haujajulikana nje ya Nyamirambo, sauti yangu ilikuwa tayari na mume. Kila Jumamosi tuligombana hewani, mimi na yeye, na watu wa Kigali, Bukavu na Bujumbura walikaa kando ya redio zao kutusikiliza. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili kwa sababu ulitakiwa uvuke mipaka, na waliouandaa walitafuta watu wa Kigali ambao Kiswahili kwao si cha kubabaisha sokoni. Mimi nilicheza mke wa fundi wa magari anayechelewa kurudi nyumbani. Yeye alikuwa fundi huyo. Hakuna kipindi ambacho hakuchelewa, na hakuna kipindi ambacho sikumpokea mlangoni kwa maneno. Sasa ni marehemu, na kila ninachojulikana kwacho leo nimekipata kwa njia iliyopita juu ya kaburi lake.

Niliingia katika kazi ile kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa nimeolewa na kuachika upesi, nimerudi kwa mama yangu, ambaye ni mshonaji, na ninamsaidia dukani kwake. Siku moja alikuja mteja kuchukua gauni akanikuta nabishana na muuza vitambaa aliyetuletea bitana hafifu badala ya ile tuliyoagiza. Mteja akaketi. Hakuuliza gauni lake. Alingoja mpaka muuza vitambaa alipoondoka na bitana yake chini ya kwapa, ndipo akamgeukia mama.

"Huyu ni binti yako?"

"Ni wangu," mama akasema, pini zikiwa bado mdomoni. "Mdomo tu ndio si wangu. Huo kaurithi kwa baba yake."

Mteja yule alikuwa mtayarishaji wa michezo ya redio. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya studio, chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, nimeshika karatasi mkononi. Nilisoma. Nilisoma vizuri, nilidhani, bila kukosea hata neno. Mwanamume aliyekuwa ameegemea ukuta, mnene wa mabega, nywele zimeanza mvi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Binti," akasema, "mbona unasoma kama karani wa mahakama?"

 Akaichukua karatasi mikononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

"Nimetoka kazini tangu mchana. Sasa giza limeingia. Nanuka pombe. Ulipika, chakula kimepoa, watoto wamelala bila kuniona. Haya, nigombeze."

Nikamgombeza. Sijui maneno yalitoka wapi. Nadhani baadhi yalikuwa ya yule mume aliyeniacha, ambayo sikupata nafasi ya kumwambia. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa amefunika uso kwa mikono, anacheka. Mwanamume yule hakucheka. Alisimama ameinamisha kichwa kama mtu mwenye makosa kweli, na nilipoishiwa pumzi akasema kwa sauti ya chini, "Basi nipashie hicho chakula, mama watoto." Hapo ndipo nilipopewa kazi, na hapo ndipo nilipoolewa hewani.

Alikuwa amelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa kijana. Mchana aliuza vipuri vya magari Gikondo. Uigizaji aliufanya kwa mapenzi tu, kama wengine wanavyoimba kwaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha kusogea mbali na kipaza sauti nikipaza, na kukisogelea nikinong'ona. Ilipofika sehemu yake ya kurudi nyumbani, alikwenda mpaka mlangoni mwa studio, akakohoa kutoka huko, akaja taratibu akikanyaga kokoto zilizowekwa ndani ya trei, na ungefumba macho ungeapa kwamba mtu anaingia uani. Mimi nilikuwa siwezi kusoma karatasi na kumtazama kwa wakati mmoja, kwa hiyo zamu yangu ilipofika alinigusa kiwiko. Miaka yote ile, kiwiko changu kilijua kazi yake kuliko kichwa changu.

Mkewe nilimfahamu siku alipokuja studio bila taarifa. Alisimama nyuma ya kioo mpaka tukamaliza, kisha akaingia, akanitazama kutoka kilemba mpaka viatu.

"Kwa hiyo ni wewe unayemtukana mume wangu kila Jumamosi, majirani wakisikia?"

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa sijafika mbali alipoangua kicheko.

"Usiache, mdogo wangu. Mimi nyumbani nimeshachoka, nimekuachia zamu."

Tangu siku hiyo yeye alikuwa bi mkubwa na mimi bi mdogo. Walikaa Kabuga, na yeye alikuwa na meza yake sokoni, anauza nyanya, vitunguu na maharage makavu. Nikienda kuwatembelea aliwatangazia wauzaji wenzake, "Mke mwenzangu huyo amekuja, msogezeeni kigoda!" Tulikaa naye tukichambua maharage na kumsengenya mume wetu. Aliniuliza kama studioni anakohoa namna ile ile anavyokohoa nyumbani. Nikamwambia namna ile ile. "Basi hata haigizi," akasema. "Anakula bure."

Watu wameniuliza mara nyingi kama kulikuwa na jambo kati yangu na yeye. Wengine wanauliza huku wanacheka, wengine wameandika magazetini. Sikumpenda kwa namna hiyo. Lakini baada ya mume aliyetoka asubuhi moja na asirudi, nilipata mwanamume ambaye kazi yake ilikuwa kurudi, kila wiki, amechelewa lakini amerudi. Jambo hilo linaweza kumponya mtu, na mimi liliniponya. Sijapata neno lake, si kwa Kiswahili wala Kinyarwanda.

Filamu ilimtafuta yeye, haikunitafuta mimi. Mwongozaji alikuwa kijana aliyekulia Kampala, Kiswahili chake cha kuunga kwa gundi, na mama yake alikuwa msikilizaji wetu. Alikuwa na hadithi ya mwenye gereji wa Gikondo ambaye gereji yake imekufa, naye hamwambii mkewe. Kila asubuhi anavaa, anaondoka, anashinda akizunguka mjini, jioni anarudi kana kwamba ametoka kazini. Mke katika hadithi hiyo alikuwa mtu wa kupita. Angeonekana mwanzoni akimpa chai, na mwishoni akimgombeza kwa kuchelewa, siku ambayo mume ameamua kumwambia ukweli na anashindwa. Wangeweza kumpa mwanamke yeyote.

"Nikija, nakuja na mke wangu," mzee wangu wa studioni akamwambia mwongozaji.

"Mke wako ni aktrisi?"

"Yule wa nyumbani hapana. Nasema yule wa redioni."

Tatizo likawa mama. Redio aliikubali kwa kuwa sauti haina sura, na jirani akiuliza unaweza kukana. Filamu aliikataa. "Utaonekana na mwanamume chumbani, na msikiti mzima utaona." Nilimweleza kwamba hakuna la aibu, akaniambia hata ndoa yangu nilimweleza kwamba haina la aibu. Nikampigia mzee simu kumwambia atafute mwingine.

Jumapili yake walikuja wote wawili Nyamirambo. Yeye amevaa koti lake la kahawia la mistari ya upana, lile alilovaa kanisani na kwenye harusi, na bi mkubwa ameshika kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mama akawakaribisha kwa chai ya tangawizi na vitumbua. Walipokunywa, mzee akaweka kikombe chini, akakohoa.

"Mama, tumekuja kuomba binti."

Mama akanitazama, akamtazama bi mkubwa. "Mwomba binti anakuja na mkewe?"

"Mimi ndiye mshenga," bi mkubwa akasema. "Mume huyu namjua, mama. Hana madhara. Hata chumbani ataingia na viatu na kulala. Nakuhakikishia mwanao atarudi alivyo, na siku ya kupiga picha hizo nitakaa mlangoni mwenyewe."

Mama alijitahidi asicheke, akashindwa, chai ikampalia. Ndani ya kikapu mlikuwa na maharage, na kuku hai, amefungwa miguu. Jioni ile kuku alipokuwa jikoni mama akasema, bila kugeuka, "Nenda. Watu wale wana adabu."

Tulianza kupiga picha wakati wa kiangazi, katika nyumba ya kupanga Gikondo, nyuma ya maghala. Mbele ya kamera tulikuwa wanafunzi sote. Yeye alikuwa bado anaitupa sauti yake kana kwamba kuna msikilizaji Bukavu, na mimi nilikuwa na maneno mengi mno. "Mama, hapana sema yote," mwongozaji aliniambia. "Macho iko inasema." Mzee alichukua muda kuelewa. Kisha siku moja, tukisubiri mvua ya ghafla iishe, akaniambia, "Kule redioni tulikuwa tunamwigizia kipofu. Huku tunamwigizia kiziwi. Mkumbuke kiziwi tu, utafaulu." Kuanzia hapo alibadilika. Nilimtazama akitembea peke yake kati ya gereji, mtu ambaye hana pa kwenda na hataki ijulikane, na nikasahau kwamba huyo ndiye aliyekuwa akila karanga pembeni yangu.

Siku ya mwisho niliyomwona tulipiga picha ile ya chai. Aliniambia kichwa kinamuuma, kizito upande mmoja. Mwongozaji akasema basi tumalizie hapo. Picha ya ugomvi, ya yeye kurudi nyumbani, ilikuwa imebaki pamoja na nyingine chache. Akavua koti lile la kahawia, maana ndilo alilovaa pia kwenye filamu, kisha akalivaa tena kwa sababu ni lake na anakwenda nalo nyumbani. "Kesho nitachelewa," akaniambia. "Jiandae na maneno."

Bi mkubwa alinipigia simu asubuhi. Nilikuwa dukani, naning'iniza magauni yaliyokwisha. Sauti yake haikuwa na kilio, ilikuwa kavu kama ya mtu anayeagiza kitu.

"Bi mdogo. Mume wetu katutoka."

Nikadhani ni mzaha. Ndivyo tulivyozungumza siku zote, mume wetu hivi, mume wetu vile. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwenye simu, nikasema, "Ameenda wapi tena?" Upande wa pili pakawa kimya, na katika kimya kile nikaelewa. Kilikuwa kiharusi. Aliamka kwenda kunywa maji, akaanguka karibu na mtungi.

Msibani Kabuga nilitaka kukaa nyuma, pamoja na wageni. Haikuwezekana. Nilipofungua mdomo kumsalimia mama mmoja, akaitambua sauti, akawanong'oneza wenzake, na mara watu wakawa wanakuja kunishika mkono. "Ihangane," waliniambia kwa Kinyarwanda, vumilia, kwa uso ule ule waliompa mjane. Bibi mmoja mzee kutoka mashambani alinikumbatia akalia begani pangu, akiniuliza sasa nitamgombeza nani. Niliona aibu mpaka nikatamani kutoka. Watoto wa marehemu walikuwa pale, wakubwa, wananitazama. Bi mkubwa ndiye aliyeninusuru. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na shemeji zake, akapiga mkeka kwa kiganja, mahali pa wazi pembeni yake.

"Mleteni hapa," akasema. "Ni mwenzangu."

Nikakaa naye mpaka matanga yakaisha. Usiku aliegemea bega langu, na mchana tulipika. Hakuna aliyeuliza tena mimi ni nani.

Mwongozaji alikuja kwetu Nyamirambo baada ya majuma kadhaa. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye benchi la wateja, akazungusha kofia yake mkononi.

"Mama, sisi iko na shida. Filamu iko nusu. Kutafuta mtu mwingine, siwezi. Kuacha, siwezi."

Alikuwa ameiandika upya. Mwenye gereji angeonekana kwa picha zile zilizokuwapo, na pale zilipokwisha, hadithi ingehamia kwa mke: mke anayeanza kushuku, anayemfuata mumewe mjini kwa mbali, anayegundua ukweli na kuendelea kumpa chai kana kwamba hajui. Nilikuwa na picha mbili katika filamu ile, na sasa filamu ilikuwa yangu. Alinieleza hayo kwa heshima, hata kwa uchungu, lakini aliyasema. Nakumbuka mama alisimamisha cherehani.

Picha ya ugomvi ilibaki pale pale, mwishoni. Wangempata mtu mwenye mabega kama yake na kumpiga picha kwa nyuma. Lakini mtu huyo angehitaji koti.

"Mimi siwezi kwenda kuomba," mwongozaji akasema. "Kwangu mama yule hatatoa."

Nikaenda mimi. Bi mkubwa alikuwa amerudi sokoni, lakini siku ile nilimkuta nyumbani, anapumzika. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza, kisha akaingia chumbani, akakaa huko mpaka nikaanza kuhesabu misumari ya mlango ili nisifikiri. Alipotoka alikuwa ameshika koti limekunjwa vizuri, amelikumbatia kifuani kama mtu abebaye mtoto aliyelala.

"Nguo nyingine nimewagawia ndugu zake. Hili sikumpa mtu." Akaliinua mpaka puani, akafumba macho kidogo. "Sijalifua. Unaelewa?"

"Naelewa, bi mkubwa."

"Waambie wasilifue. Lirudi kama lilivyo."

"Litarudi kama lilivyo," nikasema.

Niliamini nilichosema.

Aliyepatikana kuvaa koti alikuwa mchomeleaji wa gereji ya jirani, mtu wa makamo, mkimya, ambaye hakuwahi kuigiza. Alipoelezwa koti ni la nani, aliomba nafasi, akasali kwa kunong'ona, kisha akalivaa taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine. Na kwa nyuma, alipogeukia mlango, yalikuwa mabega yale yale. Mwanamke aliyetupaka vipodozi akatoka nje.

Sijui niseme nini kuhusu picha ile ambacho watu hawajasema. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya kuchekesha. Yaliandikwa mzee akiwa hai, ili watu wacheke kabla ya kulia. Mara ya kwanza nilifungua mdomo nikasema, "Leo umepitia wapi?" nikashindwa kuendelea. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu niliyasema yote mpaka mwisho, kwa ufasaha, kama karani wa mahakama, na mwongozaji akatikisa kichwa. Tukarudia na kurudia. Chumba kilikuwa kidogo, taa zile ni za moto, madirisha yalizibwa kwa blanketi. Mchomeleaji hakulalamika. Alikuwa anatoka nje, anakohoa mlangoni jinsi alivyofundishwa, anaingia, anasimama mbele yangu, na mimi naona uso wa mtu nisiyemjua.

Mwishowe mwongozaji akaniambia nisimtazame usoni. Nitazame koti. Akatoka, akaingia. Nikaanza. "Leo umepitia wapi? Watu wote wamerudi. Jirani karudi, mbuzi wamerudi, hata giza limerudi, wewe uko wapi?" Na ghafla nilikasirika. Nilimkasirikia kweli. Nilimgombeza kwa kuondoka bila kuaga, kwa kusema atachelewa na asije kabisa, na maneno ya karatasi yalikuwa yanafaa kila neno, hakuna nililoongeza. Chakula kimepoa. Watoto wamelala hawajakuona. Mimi nani wa kusimama hapa kila siku? Kisha sauti ikaniishia. Nikaona ukosi wa koti umekunjama upande mmoja, nikanyoosha mkono, nikauweka sawa. Mabega yale yakaanza kutikisika. Mchomeleaji alikuwa analia, na kamera ilikuwa nyuma yake, ikiona mgongo wa mwanamume anayelia na uso wa mkewe. Nikasema yale maneno yake yeye, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuyasema: "Basi nikupashie chakula." Hakuna aliyesema 'kata' kusimamisha kamera. Tulisimama tu pale.

Siku ile ile nilichukua koti. Nililifikisha hadi barazani kwetu ndipo nilipolinusa. Jasho, jasho jingi la siku nzima ya taa, na moshi wa kuchomelea, na mafuta ya gereji. Nililitafuta ndani ya mikono, chini ya ukosi, kwenye bitana, mahali popote. Yeye hakuwamo tena.

Mama akasema nilipepee uani. Nililipepea. Nilijua ni kazi bure.

Bi mkubwa alilipokea mlangoni. Hakunikaribisha kwanza, aliliinua hapo hapo mpaka puani. Nikaona mabadiliko usoni mwake, madogo sana, kama mtu anayeguswa na baridi. Hakunilaumu. Alilikunja, akalishika kwa mkono mmoja, ubavuni, akasema, "Karibu ndani, kuna chai." Tukanywa chai. Tukazungumza habari za bei ya vitunguu. Nilijaribu kusema pole, akanikatiza, "Ulifanya kazi yako, bi mdogo." Lakini alisema kwa adabu, na kati yetu hapakuwahi kuwa na adabu.

Filamu ilipooneshwa mara ya kwanza mjini, ukumbi ulijaa. Nilimtumia mwaliko nikidhani hatakuja. Alikuja, amevaa mshanana mweupe, vazi la sherehe la Kinyarwanda linalofungwa begani, akakaa pembeni yangu. Picha za mwanzo alizitazama ameshika mkono wangu. Mumewe alipotokea mkubwa ukutani, anafunga kamba za viatu, alinibana vidole mpaka vikauma, na mara moja au mbili akacheka peke yake, kabla ya watu wengine, kwa sababu alijua atakachofanya. Kisha tukafika pale. Kikohozi mlangoni. Mgongo ukaingia. 

"Si yeye," bi mkubwa akasema.

Hakupaza, lakini watu wa mbele waligeuka.

"Bi mkubwa."

"Si yeye. Mabega yamefanana, lakini si yeye." Akauachia mkono wangu. Alitazama mpaka mwisho bila kusema tena. Taa zilipowaka watu walisimama wakapiga makofi, wakanitaka nipande jukwaani, na mimi nikapanda, nikainama, nikalia, na waliopiga picha walipata picha nzuri. Nilipoteremka kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, karibu na geti, anasubiri pikipiki. Nikamwambia nitakuja Kabuga Jumapili. Alinitazama kwa upendo, sikukosea, ulikuwa upendo, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu.

"Usije, mdogo wangu."

"Nimekukosea. Ni lile koti."

"Si koti. Koti ni nguo." Akavuta pumzi. "Nisikilize. Ukibisha hodi, mimi moyo unaruka. Unaingia, unakaa, tunazungumza, na muda wote natazama mlango nyuma yako. Kila ukija peke yako, kwangu anakufa upya. Nimejaribu. Siwezi."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nikimtazama yeye ninasubiri kikohozi. Nilitaka kumwambia kwamba nilipoteza mume mmoja nikiwa kijana na sikulia, na sasa sina haki ya kumlilia huyu kwa sababu hakuwa wangu, na kwamba mahali pekee palipokuwa na ruhusa ya kumlilia ni pale mkekani pembeni yake. Lakini mimi ambaye riziki yangu ni mdomo sikupata neno. Pikipiki ikaja. Akavaa kofia ngumu, akakusanya mshanana wake, akaondoka.

Filamu ilikwenda mbali. Ilinipeleka nchi ambazo sikuzijua, na huko watu waliniuliza kupitia mkalimani nilijiandaaje kwa picha ile ya mwisho. Nilipewa tuzo, mama ameiweka juu ya kabati la vitambaa na huifuta vumbi kila Ijumaa. Nimecheza filamu nyingine tangu hapo, mbili nikiwa mhusika mkuu, nimeigiza na wanaume wazuri, wengine wana vipaji kuliko yeye. Hakuna anayenigusa kiwiko. Waongozaji wananiambia nianze, na ninaanza, na kila mara napungukiwa kidogo mwanzoni kwa sababu mwili bado unangoja.

Mchezo wa redio ulikufa pamoja naye. Niliwahi kwenda kuomba nakala za vipindi vyetu, hata kimoja, nimpelekee bi mkubwa kwa mkono wa mtu mwingine. Wakaniambia vilifutwa siku nyingi ili kupata nafasi ya vipindi vipya. Sikubishana.

Mwaka huu tulikuwa tunakwenda kupiga picha upande wa mashariki, na gari la kazi likasimama Kabuga watu wanunue maji na matunda. Wenzangu wakateremka. Mimi nilibaki ndani, kioo kimepandishwa, na kutoka pale nilikuwa naiona meza yake. Alikuwapo. Ameongeza mwili kidogo, amejifunga kitenge cha kijani, anapanga nyanya kwa mafungu. Mteja mmoja alimwambia kitu, na yeye akaangua kile kicheko chake, kichwa nyuma, mkono kiunoni, kicheko ambacho nilikuwa nadhani kilizikwa. Nikafurahi. Naapa nilifurahi kabla ya kitu kingine chochote. Nikaweka mkono kwenye kishikio cha mlango. Kisha nikamwona anainua macho, anaitazama barabara, kushoto na kulia, jinsi mtu wa sokoni anavyotazama kuona nani anakuja, na nikautoa mkono.

Wenzangu walirudi na mafungu ya ndizi. Mmoja alinunua nyanya, akaniambia yule mama ana maneno matamu sana, nilipaswa kuteremka kumsikia. Nikamwambia mara nyingine. Dereva akawasha gari, tukaenda.